Maher Wawili

Yule mama mshona kofia hukaa kwenye mashine ya mwisho, dirishani, katika darasa letu la kompyuta hapa Madungu. Hubonyeza kila herufi kwa kidole kimoja kilichochakaa kwa sindano, na kabla ya kugusa Enta hunong'ona bismillahi. Jana tulipofundishwa vigeu, yaani majina ya kuhifadhia thamani kwenye programu, kwamba ukitia thamani mpya ile ya kale hupotea, hakuandika kitu. Alikitazama kioo tu. Leo tukaingia kwenye orodha, tukaambiwa tuandike majina ya watoto wetu. Akaandika Maher, Kazija, Maher.

"Bi, jina limejirudia," mwalimu akasema, akainama mwenyewe akaandika amri ya kumfuta Maher mmoja. Kompyuta ikafuta jina la kwanza ililolikuta.

"Huyo ulomfuta ndiye mkubwa, mwalimu. Alikufa maji. Huyu mdogo nilimpa jina lake."

Mwalimu akaomba radhi, akaliongeza tena upesi. Jina likaenda kukaa mwisho wa orodha. Yule mama akalitazama, kidole kikiwa juu ya kibodi.

"Sasa kawa mdogo wa mdogo wake," akasema, akaizima mashine bila bismillahi.