Farasi wa Mzee Hapiti

Wafugaji wa farasi walimwita Mzee Hapiti, na wala hawakumwonea. Miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyechagua farasi majike wa kuandikwa kwenye kitabu cha ukoo. Asiyeandikwa humo hapelekwi kwa dume, na hata azae malaika, mtoto wake hapati cheti. Mzee alipima kimo, akakagua meno, akachora kwa kalamu nyekundu kila baka jeupe na kila mahali nywele zinapojizungusha. Mwisho alimpitisha farasi kwenye mchanga uliolowanishwa nyuma ya ofisi, akainama kutazama nyayo.

"Farasi hujikaza mbele ya watu," alipenda kusema. "Nyayo hazijui kujikaza."

Mwenye farasi aliyekataliwa alikabidhiwa nakala ya fomu, imekunjwa mara mbili, na maneno yale yale: "Pole. Utapata mwingine." Mjane mmoja aliwahi kumjibu, "Mwingine wa nini, baba?" Mzee alikisimulia kisa hicho wiki nzima, akicheka.

Mkewe alipofariki na binti yake alipoolewa mbali, nyumba ilimpwaya. Alikula amesimama jikoni, maana kukaa mezani peke yake kulimtia uchungu. Wa kusemezana naye alibaki farasi jike wake wa kijivu, aliyemwita Bi Mkubwa kwa sababu hasogei mpaka abembelezwe. Naye umri ulikuwa unamtupa mkono. Asipopata mimba mwaka ule, basi tena. Mzee alimtaka mtoto huyo kuliko alivyoitaka pensheni yake. Alishatandika nyasi kavu kwenye kona ya banda, na ndoo ya maji ameishusha iwe kimo cha mtoto.

Siku ya kumwandikisha, alisawazisha mchanga mwenyewe. Karani wake, mwanamke mcheshi aliyefanya naye kazi miaka tisa, akashika hatamu. Bi Mkubwa akapita kwa maringo, na mzee akainama.

Ukwato wa mbele wa kushoto uliingia ndani, upana wa kidole gumba, hatua kwa hatua. Kasoro hiyo watoto huirithi, na kwa hiyo hiyo alikuwa amewarudisha watu wengi nyumbani na machozi yao. Miaka yote alimtembeza Bi Mkubwa kwenye majani na kokoto, lakini kwenye mchanga hakumpitisha hata siku moja. Alijitia hamnazo. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

"Mzee, kuna nini?" Karani akasogea, akaona. Akachukua reki, akazifuta nyayo zote. "Mimi sijaona kitu. Andika amepita. Nani atauliza?"

"Mrudishe," mzee akasema. "Apite tena."

Akapita tena. Mchanga ukasema lile lile.

Ofisini aliandika "Hafai", akatia sahihi, akabaki ameishika kalamu. Utaratibu aliouweka mwenyewe ulitaka mwenye farasi apewe nakala mkononi. Karani akaikunja mara mbili. Alitafuta la kumfariji, akaambulia lile alilolisikia kila siku humo ndani.

"Pole, mzee wangu. Utapata mwingine."

Mzee akaipokea. Nje ya dirisha Bi Mkubwa alikuwa amefungwa kwenye nguzo, anangoja kurudishwa nyumbani.

"Mwingine wa nini, mwanangu?" akasema, akatoka kwenda kumfungua.