Kiota Kwenye Waya wa Nguo

Nyumba yetu ya Igogo ilinuka mapanki. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa ufukweni mwa ziwa. Minofu ya sangara ilisafirishwa Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, ambayo mama aliyakaanga uani na kuwauzia majirani. Moshi wake uliingia kwenye nywele, kwenye madaftari, hata kwenye gauni langu la kanisani. Baba alikuwa amepunguzwa kazini kampuni ya umma ilipouzwa, lakini kila asubuhi alivaa shati jeupe la ofisini, akachomekea, akaketi kibarazani kama mtu anayesubiri gari la kazini. Gari halikuja, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba halitakuja.

Masika yalipokaribia, chozi alianza kujenga kwenye waya wetu wa kuanikia nguo. Ni yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayenyonya utamu wa maua ya migomba. Jike alifanya kazi peke yake, akileta nyasi kavu na utando wa buibui, haba na haba, mpaka kiota kikaning'inia kama kifuko. Dume aliyemetameta alikaa juu ya paa akiimba. Mama aliwatazama, akacheka, akasema kumbe hata ndege wana mashati ya ofisini. Baba hakucheka. Kesho yake alivua shati, akaanza kupasua kuni.

Tangu hapo waya ulipigwa marufuku. Usione vyaelea, vimeundwa, mama alituambia, akatutuma kuanika nguo juu ya majabali nyuma ya nyumba. Huko mijusi wenye vichwa vyekundu walijifanya wenye mali, na shati la baba lilirudi na alama zao. Alinung'unika, lakini waya hakuugusa.

Kisha kifua kilichokuwa kikimsumbua mama kikamlaza. Baba alisogeza kitanda dirishani ili aone kiota. Godoro lilikuwa la pamba, limechanika pembeni. Mama alichomoa vinyuzi, nami nikavibandika kwenye waya, chozi akavichukua kutandikia ndani. Mayai yalipoanguliwa tuliona midomo miwili imeachama mlangoni. Sikumwambia mtu, ila nilikuwa nimepatana na Mungu: makinda wale wakiruka salama, mama atainuka. Niliamini hivyo kabisa. Kila nilipotoka shule nilipita kwanza kwenye waya, ndipo nikaingia kumwamkia.

"Kabula," aliniambia siku moja, sauti imekwisha, "wakiruka uje uniambie. Hata kama nimelala."

Alifariki Alhamisi, makinda wakiwa bado hawajaota manyoya vizuri. Vilio havijatulia, majirani walikwishajaza ua, wengine na kuni, wengine na unga. Vijana walileta turubai wakatafuta pa kufungia kamba, na mmoja akaushika waya. Baba aliinuka, akauondoa mkono wake.

"Waya huo uacheni," alisema.

Baba mkubwa, kaka yake, alimsogelea akamuuliza kwa upole kama watu walowe kwa ajili ya ndege.

"Hapo nitakaa mimi."

Basi kona ile ikaachwa wazi. Jioni mvua ikaja kutoka ziwani, nzito, na waombolezaji wakabanana upande mmoja. Baba aliketi peke yake chini ya kiota, shati jeupe limemganda mgongoni. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda baba jioni ile.

Siku ya kuanua tanga, kinda wa kwanza aliruka hadi kwenye mgomba, wa pili akafuata. Nilikimbia ndani huku nikiita mama. Shangazi alikuwa ametoa godoro nje. Kitandani zilibaki mbao tupu. Nilisimama pale na habari yangu mdomoni. Niliwachukia ndege wale, nikamchukia na Mungu, kwa sababu mimi nilikuwa nimetimiza upande wangu.

Sasa naishi Buhongwa, nyumba yenye ukuta na geti. Majabali ya Igogo yamepasuliwa kokoto. Misiba yetu ina mahema ya kukodi yasiyohitaji waya wa mtu, na watu hula wakaondoka kabla viti havijapata joto. Sisemi zamani kulikuwa bora. Anayeyatamani mapanki hajayala kila siku. Ila siku hizi tukifiwa, sioni wa kukaa kwenye mvua.

Masika yaliyopita chozi alijenga kwenye waya wangu. Majabali sina, kwa hiyo nguo tulianika sebuleni, watoto wakilalamika. Makinda waliporuka nilimpigia simu baba, ambaye sasa ni mzee na anaishi kwa mdogo wangu. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Mama yako umemwambia?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba bado. Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda makaburini pamoja. Alivaa shati jeupe, amechomekea. Alinisogeza mbele kidogo, akaniachia niseme mimi.