Mbuzi Ndani ya Kabini ya Masikio

Jamani, mimi nimewahi kuvaa blauzi nje-ndani kanisani, nimewahi kuteleza na sahani ya bukari, ugali wetu, mbele ya mashemeji, lakini aibu iliyonila mpaka mifupa niliipata pale Panda, kambi yetu ya wafanyakazi, nikiwa nimevaa utepe wa prezida kifuani, na aliyenivalisha utepe huo ni mimi mwenyewe, kwa hiyo msinionee huruma, chekeni tu.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, kampuni ya migodi inayumba, mshahara umegeuka gunia la unga, na kila mwenye kalamu hapa Likasi ameanzisha chama (cha siasa, cha washona viatu, cha wajane, na kila chama kina prezida ila hakina watu). Na sisi tukaanzisha chetu, chama cha watu wa masikio na usemi: mimi muuguzi wa masikio kwenye zahanati ya kambi, Kabwe mwalimu wa watoto viziwi, na wengine saba wa kazi hizo hizo. Watu tisa, vyeo kumi. Tulikuwa na katibu mkuu, katibu mkuu msaidizi, mshauri wa kudumu, mshauri asiye wa kudumu, ila mwanachama wa kawaida hatukumpata hata mmoja, maana kila aliyeombwa alinuna.

Kitu cha maana tulikuwa nacho kimoja, kabini. Ni kijumba cha mbao ndani ya zahanati, kuta nene zilizoshindiliwa pamba ya kuzuia sauti, mlango mzito kama wa friji la bucha, na kidirisha kimoja cha kioo. Mgonjwa anakaa ndani amevaa kaski masikioni, mimi niko nje na mashine namtumia milio midogo, akisikia anainua mkono, naandika. Dakika kumi, mtu anatoka na sertifika yake. Sasa wakubwa walitaka kijumba hicho kiwe ghala la unga, nasi tukaandika barua za utetezi, ndefu, kwa Kifaransa cha kuumiza meno, mpaka daktari mkuu wa kampuni akakubali kuja kutoka Lubumbashi ajionee.

Hapo ndipo anapoingia Tata Ilunga, fundi wa karakana, aliyepiga mabati ya matangi kwa nyundo tangu ujana wake. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa zamani, la kuume limebakiza kidogo. Kwa sertifika yangu angehamishiwa ghala la vipuri, mahali pa utulivu, bila hiyo angebaki na nyundo mpaka sikio la pili nalo life. Alikuja Jumatatu moja asubuhi. Mashine nzima, kaski nzima, mimi nimekaa natafuna karanga. Lakini kichwa changu cha prezida (kichwa kikubwa hicho!) kikaniambia, huyu ndiye wa kuwaonyesha wageni! Mvi, koti la zamani, mikono minene ya nyundo, daktari mkuu akimwona ndani ya kabini machozi yatamtoka. Nikamwambia arudi siku ya sherehe, Alhamisi ya juma linalofuata.

Akasema, "Mama, ile nafasi banaifunga vendredi ya ile juma."

Nikamjibu kwa sauti ya juu na ya hekima ya uongo, "Tata, Alhamisi iko mbele ya Ijumaa, utawahi! Utakuwa mtu mukubwa siku ile!"

Akaenda. Mimi nikarudi kwenye mambo mazito ya uongozi, yaani mbuzi.

Komite ilikuwa imekaa vikao vitatu kujadili mbuzi wa mapokezi (kuhusu masikio ya wafanyakazi tulikaa kikao kimoja, nacho hakikufikia akidi). Aliletwa kutoka Kapolowe Jumatano jioni, beberu mwenye sauti ya padri wa misa kuu, na uwanja wa zahanati hauna lango, lango liliibwa na waliolilinda. Mbuzi akilia pale hafiki asubuhi. Ndipo nikapata wazo, na nilijisifu nalo njia nzima ya kwenda nyumbani: nimweke kwenye kabini! Alie apendavyo, nani atamsikia? Nikamwekea matembele, nikafunga kwa ufunguo, na Kabwe akatundika bendera ya chama juu ya kidirisha, kwa urembo. Wageni ni saa nne, saa moja ningefungua, mpishi amtoe.

Sasa niambieni, tangu lini mkubwa anafika kabla ya saa? Nimefika mlangoni saa moja kasoro, gari lake hilo hapo, yeye huyo hapo na tai yake ya manjano, anatazama saa kama vile sisi ndio tuliochelewa. Komite nzima imejipanga. Tata Ilunga amekaa kwenye benchi, amenyolewa vizuri, mikono magotini. Mpishi haonekani.

Nikafanya kitu pekee ambacho prezida anakijua, nikatoa hotuba. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili, nikasema za kurasa kumi, nikingoja daktari achoke au aombe choo. Nikazungumzia utu, nikazungumzia mataifa, nikasema kabini hii ni moyo wa kazi yetu, hakiingii kitu ndani yake ila mgonjwa na kimya, (Mungu alinisikia, lakini hakunizuia). Daktari akapiga makofi mawili ya vidole.

"Bon. Mutoe hii kitambaa, nione namna munapima bantu."

Nikasema ufunguo umepotea. Kabwe, katibu mkuu wangu, mtu mwenye bidii ya kijinga, akauona shingoni mwangu akauonyesha kwa kidole, kisha kwa mkono wa pili akavuta bendera.

Kwenye kioo palikuwa na uso wa mbuzi. Alikuwa anatutazama sote, mdomo unafunguka na kufungwa, bila sauti hata kidogo, na pembeni mwa mdomo huo waya mweusi unaning'inia. Alikuwa anakula kaski yangu. Sponji alikuwa ameshamaliza.

 Ndipo Kabwe akaona atuokoe, "Docteur, muangalie vile kabini iko solide! Mbuzi iko nalia na hatusikie kintu!"

Daktari mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akajifuta macho (machozi niliyoyataka, nikayapata) akaniambia taratibu, "Madame la présidente, minye nilikuya kuona kama hii nyumba ni ya masikio ao ni dépôt. Sasa nimeona. C'est un dépôt." Akatoka nje, akaweka sahihi karatasi ya kuifanya ghala juu ya boneti la gari, na kabla ya vumbi lake kutua, washauri wangu wote, wa kudumu na wasio wa kudumu, walikuwa wameshakumbuka shughuli zao.

Kaski hiyo haikuwa na mwenzake mjini. Nikageuka, nikamkuta Tata Ilunga amesimama karibu yangu, koti limefungwa vifungo vyote. Hakuwa amesikia hotuba, hakuwa amesikia kicheko, alidhani foleni inasogea.

"Mama, sasa ni minye?"

Nikamwambia polepole kuwa hapana.

"Sema nguvu, shisikie."

Nikapaza sauti. Akanisogezea sikio la kuume. Basi nikapiga kelele, wagonjwa wote wakitoka mlangoni kutazama, "TATA, MBUZI AMEKULA KASKI! HAKUNA SERTIFIKA!"

Akafikiri. "Njo kusema kesho minye niko narudia ku nyundo?"

Nikaitika kwa kichwa, ndiyo.

"Na ile lundi, ile Jumatatu nilikuya, ile kaski ilikuwa muzima?"

Nilitamani jibu la swali hilo alisome tu usoni mwangu, lakini alikuwa ameinama, kiganja nyuma ya sikio, anangoja, na mama wote wa foleni nao wanangoja.

"NDIYO, TATA! ILIKUWA MUZIMA! ZILIKUWA DAKIKA KUMI TU!"

Akanishukuru. Ndiyo, alinishukuru kwa kumwambia, akavaa kofia, akashuka njia ya karakana.

Mchana komite ilirudi yote bila kuitwa, na mbuzi akaliwa. Na mimi nilikula, nisiwadanganye. Tangu hapo anayetaka kunipa cheo nampa mgongo, hata cheo cha kutunza mishumaa parokiani, na mtu akija kwangu na shida ya dakika kumi, namhudumia kabla hajakaa.