Shati la Kuombea Nafuu

Dobi yule alikuwa na mashati mawili ya kutokea. La bluu lilikuwa la misiba na mikutano ya shule, jeupe la mambo mazito. Jumanne aliyokwenda kuomba apunguziwe marejesho ya mkopo, alivaa jeupe.

Alilipiga pasi kama alivyopiga mashati ya watu kwa miaka ishirini na mbili: kola kwanza, kutoka ncha kuja katikati, halafu mabega, mikono, mgongo, na kifua mwisho, kwa sababu kifua ndicho kinachotazamwa. Sehemu ya chini, ile inayozama ndani ya suruali, aliipitia harakaharaka tu. Hiyo waliijua yeye na mkewe. Mtaani walimwita Mikunjo, kwa kumtania, maana hakuweza kuona nguo ina mkunjo akanyamaza. Inasemekana aliwahi kumshika mfiwa mkono makaburini, akampa pole, kisha akamnong'oneza, "Suruali hiyo niletee kesho."

Deni lenyewe lilikuwa hivi. Miezi kumi na minne nyuma alikopa kwenye ofisi ya mikopo midogo, akanunua mashine ya kufulia ya kilo kumi na tano. Wakati huo nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kituo cha mafuta ilikuwa ikimletea mashuka sitini kila wiki. Rejesho lilikuwa elfu arobaini kila Ijumaa, na mashuka yale peke yake yalilitosha. Kisha nyumba ya wageni ikanunua mashine yake. Hawakugombana. Meneja wao alikuja mwenyewe kuaga, akamwachia na furushi la mashuka yaliyochakaa. Tangu hapo dobi alibaki na nguo za majirani, na wiki ikiwa nzuri, akishatoa umeme, sabuni na chakula, alibakiwa na elfu ishirini na tano. Ijumaa mbili zilikuwa zimepita bila rejesho. Ya tatu ikipita, mkataba ulisema, mashine inabebwa.

Alikuwa na deni jingine, dogo, kwa mwanamke wa duka la sabuni. Huko alianza, akamaliza kwa dakika tano.

"Nipe elfu moja moja kila wiki," mwenye duka alimwambia. "Ukikimbia utakwenda wapi? Na mapazia yangu yako kwako."

Ofisi ya mikopo ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Afisa mikopo alikuwa binti wa miaka kama ishirini na sita, mpole, mwenye kikokotozi kilichopoteza kitufe cha saba.

"Karibu, baba. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja mnipunguzie, dada. Kutoka arobaini mpaka ishirini. Muda uongezeke, sawa, mimi sikimbii."

Binti akamtazama kuanzia kola hadi kifungo cha mwisho. "Samahani, baba, siku hizi unafanya kazi gani?"

"Ileile. Dobi."

"Maana wanaokuja kuomba nafuu tunawaona. Jana kaja mmoja, kandambili moja nyekundu, nyingine kijani. Wewe umekuja kama bwana harusi."

Fomu ilikuwa na mstari wa hali ya mteja kwa kumtazama. Akaandika: nzuri.

"Nikimpelekea bosi hii atanicheka," akasema. "Jitahidi Ijumaa, baba."

Dobi akashuka ngazi. Shati lilikuwa bado halijapata mkunjo hata mmoja.

Mkewe, Mama Pacha, alimkuta akianika. Hakuhitaji kuuliza, alimwona usoni.

"Kwani ulikwenda kuomba au kuposa?"

"Nilikwenda kama mtu."

"Ndiyo kosa lenyewe. Kesho rudi na lile shati kuukuu la kushikia sufuria."

Basi Jumatano akalivaa lile la kushikia sufuria, lina doa la mafuta begani na limejikunja kama karatasi iliyotupwa. Alifika kibarazani tu. Mwalimu wa shule ya jirani alikuwa anakuja na mfuko wake wa nguo.

"Mikunjo! Kuna msiba?"

"Hakuna, mwalimu."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa."

Mwalimu akalitazama shati, kisha akautazama mfuko wake. "Basi nitapita siku nyingine, ukiwa na nafasi," akasema, akageuka na mfuko. Mfuko ule kwa kawaida ulikuwa wa elfu tatu na mia tano. Shati lilikuwa limevaliwa dakika nne.

Dobi akarudi ndani akalivua. "Silivai tena. Lile jeupe ndilo kibao changu cha biashara. Nikitembea hivi, hata hizo ishirini sizipati."

"Kawaambie hivyohivyo," mkewe akasema.

Alhamisi alipanda tena zile ngazi, mweupe pee.

"Baba, mbona umerudi vilevile?" afisa akauliza.

Akamweleza habari ya mwalimu, pamoja na ile elfu tatu na mia tano. Binti alisikiliza mpaka mwisho. "Nakuelewa. Lakini fomu inasema nzuri, na kesho ndiyo Ijumaa."

Dobi akasimama, akaanza kuchomoa shati kutoka kwenye suruali.

"Baba! Baba, hapa ni ofisini!"

Mlinzi akachungulia mlangoni.

"Tulia, dada, sivui. Tazama hapa tu."

Kuanzia kiunoni kwenda chini, shati halikuwa shati. Kilikuwa kipande cha shuka, kimeungwa kwa mkono kuzunguka nyuma na mbele, na kwenye pembe moja kulikuwa na maandishi ya wino yaliyofifia. Binti akainama akasoma. "Chumba namba tisa."

"Shuka la nyumba ya wageni."

"Na kitambaa chake chenyewe kimeenda wapi?"

"Huku." Akashika kola. "Na huku." Akanyoosha ncha za mikono. "Kola hii ni ya tatu. Shati lina miaka kumi na moja."

Binti akaugusa mshono, akaenda kumwita bosi. Dobi alibaki amesimama, mkia wa shati ukiwa nje, dakika kama ishirini, akiogopa kwamba akiuchomeka ushahidi utapotea. Bosi alipotoka, mtu mnene mwenye miwani kichwani, hakusalimia.

"Hebu geuka."

Akageuka.

"Ishirini haiwezekani. Ishirini na sita."

"Ishirini na mbili, bosi, na faini ya zile Ijumaa mbili muifute."

"Ishirini na nne. Faini nusu. Na mzee, chomeka shati."

Wiki ishirini na nne zilizokuwa zimebaki zikawa arobaini, na moja ya faini. Afisa akakata neno nzuri kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: nzuri, kiunoni kwenda juu. Dobi akapiga hesabu akishuka ngazi. Ishirini na nne za ofisi na moja ya sabuni, ndiyo elfu ishirini na tano yote. Habaki na kitu, lakini mashine inabaki.

Mama Pacha alifurahi kwa muda mfupi.

"Umewaonyesha nini?"

"Mkia."

"Mkia! Mshono ule? Ule niliurushia harakaharaka tu nikijua hakuna atakayeuona!" Akakaa kitako. "Wakasemaje?"

"Yule binti aliugusa."

"Aliugusa," mkewe akarudia, akanyoosha mkono. "Vua. Lete hapa."

Akaufumua wote, akaushona upya, mshono mara mbili, akinung'unika kuhusu watu wanaotembeza aibu za wenzao maofisini. Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa ikizunguka. Ijumaa asubuhi, kabla ya kupeleka ile ishirini na nne ya kwanza, dobi alilipiga pasi shati lote, kola, mabega, mikono, mgongo, kifua, akashuka mpaka chumba namba tisa.