Mama Chumvi Anunua Kaharabu

Wauza mawe walimwita Mama Chumvi, na wengi wao walipomwona mlangoni walikumbuka ghafla kwamba ni saa ya kufunga. Alikuwa fundi wa mikufu na hereni, mjane mwenye binti mtu mzima na ulimi usio na breki. Kila alipokwenda kununua kaharabu ghafi, utomvu wa kale uliogeuka jiwe, alibeba kikapu chenye bilauri, kijiko, chupa ya maji, kopo la chumvi na kichupa cha dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hapo hapo dukani, mbele ya wateja, alikoroga chumvi mpaka maji yakawa mazito, kisha akatumbukiza jiwe. Kaharabu ya kweli huelea katika maji hayo. Glasi huzama, na plastiki nyingi nazo huzama. Likielea hakuridhika bado: alilikausha, akalidondoshea ile dawa ya kucha, akaligusa kwa kidole. Likinata, basi ni sandarusi, utomvu mchanga unaojifanya mkubwa, na muuzaji angeambiwa maneno ambayo hata mama yake mzazi hakuwahi kumwambia.

Duka moja tu lilimpokea kwa kiti. Mwenyewe alikuwa mgane mwenye kipara kinachong'aa kuliko bidhaa zake, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, watu walimwita Taratibu. "Pima, mama, pima mpaka uchoke," alikuwa akimwambia. "Mimi nipo." Mama Chumvi alipima kweli, wala hakuwahi kukuta jiwe bandia katika duka lile. Ila tusidanganyane: miezi ya karibuni alikuwa akilipima jiwe moja mara tatu. Fundi saa, aliyepanga kona ya duka hilo, alisema hakuna mawe duniani yaliyoogeshwa kama yale.

Wiki iliyopita, Taratibu alikuwa akimfungia vijiwe vyake kwenye karatasi, akasema bila hata kuinua macho, "Mama, mimi nataka tuoane. Usinijibu leo. Nenda kapime kwanza, kama kawaida yako." Mama Chumvi akatoka mbio. Vijiwe vyenyewe akavisahau mezani.

Alipima wiki nzima, na asubuhi hii alikuwa amekwisha pata jibu. Jibu lilikuwa ndiyo. Kazi iliyobaki ilikuwa kulifikisha.

"Mama," binti yake alimwita akiwa tayari mlangoni, "gauni umelivaa nje ndani."

"Ndiyo mtindo."

"Na viatu? Kimoja cheusi, kingine cha kahawia."

Akarudi chumbani. Alipotoka tena, binti yake alimzunguka, akamnusa, akaguna. "Marashi yote haya ya nini? Unakwenda kununua mawe au kufanya mtihani?"

"Vyote," alisema Mama Chumvi, akacheka peke yake hadi barabarani. Njiani alifanya mazoezi kwa sauti. Ndiyo. Ndiyo, bwana. Nimekubali. Mfagia barabara aliyekuwa ameinama akainuka na kuuliza, "Umekubali nini tena, mama?" Akaongeza mwendo huku uso ukimwaka, na moyo wake, wallahi, ulikuwa ukiruka kamba.

Dukani alimkuta fundi saa na kioo chake jichoni, na wanawake wawili wanaochagua shanga. Taratibu alikuwa nyuma ya meza, amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa haijalitoka. Walitazamana. Mama Chumvi akafungua kinywa ili atoe jibu, na kinywa hicho, kilichozoea kazi moja tu kwa miaka mingi, kikasema: "Una kaharabu?"

"Ninayo," alijibu Taratibu polepole. Akatoa donge lililojaa kiganja, ganda lake gumu la kijivu, upande mmoja limekwanguliwa likaonyesha rangi ya asali. "Hili nilikuwekea wewe."

Basi, afanye nini? Akatoa bilauri, akamimina maji, akakoroga kwa nguvu mpaka kijiko kikalia kama kengele. Akatumbukiza donge. Donge likashuka moja kwa moja, likatua chini, likatulia.

"Bandia!" Neno lilimtoka kabla hajalikamata.

Wanawake wa shanga wakaacha kuchagua. Uso wa Taratibu ukasawijika. "Miaka yote hii, mama," alisema, "nije nikuuzie bandia leo?" Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Kama hilo ndilo jibu lako, ungenijibu tu. Kulikuwa na haja gani ya kulizamisha jiwe langu?"

Mama Chumvi alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na kikapu chake. Alitaka kusema sivyo. Lakini jiwe lilikuwa limezama, na yeye alijua maana ya jiwe kuzama. Machozi yalianza kumlenga.

Taratibu akaiinua bilauri, akaitazama kwenye mwanga. Akachovya kidole, akakilamba. Akakunja kipaji. Akapiga funda zima, na ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Mama Chumvi," alisema alipopata pumzi, "haya ni maji ya kunywa!"

Akachungulia kikapuni. Kopo la chumvi lilikuwa pale pale, kifuniko kimebanwa, halijaguswa. Mama Chumvi alikuwa amekoroga maji matupu.

Fundi saa akatoa kioo jichoni. "Mama Chumvi kasahau chumvi! Mimi nifunge kazi, sina kingine cha kuona."

"Umepatwa na nini leo?" Taratibu aliuliza.

"Nimepatwa na wewe!" alisema Mama Chumvi kwa ukali uleule wa siku zote, na mmoja wa wale wanawake akapiga kigelegele.

Taratibu akamsogezea kopo. "Tia chumvi. Upime sawasawa, ndipo unijibu."

Akalishika kopo. Hakulifungua. "Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini? Hujapima bado."

"Najua sijapima," alisema Mama Chumvi, ambaye hakuwahi kununua hata punje bila kuipima. "Ndiyo. Nimekubali."

Taratibu, mtu ambaye hajawahi kuonekana akikimbia, aliizunguka ile meza mbio mpaka akaangusha trei ya shanga. Vigelegele vikajaa duka. Fundi saa, kwa kuwa heshima ya duka ilikuwa bado bilaurini, akafungua kopo mwenyewe, akamwaga chumvi yote, akakoroga.

"Limeelea, jamani!" alipaza sauti. "Ni la kweli!"

Hakuna aliyegeuka kutazama.