Mgomba wa Zuhura wapakwa poda

Leo nusura niung'oe mgomba wa mwanangu!

Mgomba wenyewe ni ule mche wa ndizi kimalindi aliotuletea mama mkwe kutoka Maneromango. Tuliupanda hapa Visiga, pale tulipozika kitovu cha Zuhura.

Asubuhi namwagilia, naona majani yana madoa, rangi ya damu ya mzee.

Jamani! Mgomba wa kitovu ukiugua, na mtoto je?

Jirani yangu Mama Side akaja kuangalia.

"Huo ugonjwa huo. Ung'oe kabla haujaambukiza migomba yangu."

Nikashika jembe. Nikashindwa.

Basi (msinicheke) nikayaogesha majani kwa sabuni ya mtoto, nikayapaka na poda.

Kisha nikampigia mama mkwe simu ya video, machozi yananitoka.

"Shikamoo mama. Mgomba wa Zuhura unaumwa!"

"Marahaba. Hebu nisogezee jani… Mbona lina unga?"

"Poda, mama."

Alicheka mpaka simu ikamdondoka.

"Mwanangu, kimalindi ndivyo unavyozaliwa, na mabaka yake. Ukikua, majani mapya yanatoka safi. Zuhura naye si alizaliwa na baka matakoni, ukamkimbiza kliniki? Liko wapi leo?"

Nikamvua mtoto nepi palepale uani, nikamgeuza. Mama Side naye kainama kutazama.

Halipo!

Jembe nimelirudisha ndani. Haya, anayetaka kunicheka aje, ila aseme kwanza mwanawe alizaliwa na baka wapi.