Nilisaini mara kumi kwamba binti yangu amesoma

Wakuu, nawasalimu wote. Hii sikuambiwa na mtu, ni yangu mwenyewe, na nimeifuta mara mbili kwa aibu kabla ya kuiweka hapa.

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Niliacha shule P3, darasa la tatu, kule Masafu, nikasukuma baiskeli ya mizigo hapa Busia mpaka magoti yakalia. Leo nina stoo mbili za mahindi na malori matatu ya Fuso yanayopita mpaka wa Malaba kila wiki. Nimeona polisi bandia, dola bandia, hata mchungaji bandia. Nikajua dunia nimeimaliza.

Kuandika Kiswahili nimejifunzia kwa simu, kwa kubishana bei na wateja wa Eldoret. Kiingereza ndicho kilinipita. Cha mdomo nasikia kidogo, cha karatasi ni nyayo za kuku.

Sasa, binti yangu Nabwire alikuwa P4. Mwalimu wake, Madam Athieno, akaleta mpango: darasa lote lisome kitabu kimoja cha hadithi, cha Kiingereza. Msichana anaingia pangoni, anatokea nchi nyingine, na huko joka linalinda daraja. Ijumaa watoto wanaigiza, wanachora ramani ya hiyo nchi.

Na kila wiki mtoto anakuja na kitabu nyumbani, anamsomea mzazi sura moja kwa sauti. Mzazi anasaini kadi kwamba amesikiliza na mtoto amesoma vizuri.

Madam alituambia wazi: asiyeweza kusoma mpaka muhula uishe, anarudia P4.

Nikacheka. Wa kwangu arudie?

Basi Jumapili tukitoka kanisani, Nabwire anakaa juu ya gunia, anafungua kitabu, anasoma Kiingereza mbiombio, anageuza ukurasa, halafu ananieleza kwa Kiswahili.

Ilikuwa tamu, wakuu! Joka lilikataa kupitisha watu bila makaratasi. Wasafiri wakapanga foleni siku tatu, wakapika chini ya trela. Msichana akatafuta agent wa kumshughulikia makaratasi, agent akala hela akapotea.

Nikamwambia mama yake, "Huyu mzungu aliyeandika amewahi kulala Malaba, si bure."

Mama yake akasema, "Labda aliuziwa hadithi na dereva wako."

Nikasaini. Wiki kumi, sahihi kubwa, ile ya benki. Vijana wangu wa kupakia walichoka kusikia kwamba Nabwire atakuwa wakili.

Wiki ya kumi na moja wazazi tukaitwa shuleni kusikiliza. Nikavaa koti, nikakaa mbele kabisa.

Nabwire akaitwa. Akafungua kitabu, akatoa maneno mawili, akanyamaza. Macho yakaenda kwenye picha.

Mtoto mmoja nyuma akasema, "Madam, huyu anasomaga picha!"

Darasa likaangua kicheko.

Madam akamsogelea, akaweka kidole kwenye mstari. "Neno hili tu, mama. Linasemaje?"

Nabwire akarudisha macho kwenye picha.

Nikasimama. "Madam, unamtisha mtoto! Nyumbani anasoma kama maji. Kadi si unayo?"

Hakubishana. Akaifungua ile kadi mbele ya wazazi wote, sahihi zangu kumi zimejipanga. Akauliza taratibu, "Mzee, ulimsikia akisoma haya yaliyoandikwa humu?"

Kabla sijajibu, Nabwire akasema, tena bila kulia:

"Madam, usimgombeze Baba. Na yeye hajui. Nilikuwa namtungia ili afurahi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Wakuu, mtoto wa miaka kumi alijua nilichokuwa naficha. Alikuwa ananibeba, na mimi nikidhani ndimi ninayembeba.

Hasira ikanituma nimhamishie shule ya bweni ya Tororo, ambako hatujulikani. Siku tatu akakataa kuvaa yunifomu ya huko. Siku ya tatu akaniambia, "Huko nako watanipa kitabu, Baba. Tutafanyaje?"

Alisema *tutafanyaje*. Mimi na yeye.

Kesho yake nikaenda kwa Madam nyumbani kwake.

"Tufundishe."

"Nani na nani?"

"Mimi na yeye."

"Jumamosi saa nne. Usichelewe, mzee. Na simu unaiacha nje."

Nabwire amerudia P4. Nafasi ya kumhonga mtu nilikuwa nayo, sikuitumia. Mwezi uliopita amesoma ukurasa mzima wa kitabu kile, kidole kikitembea neno kwa neno. Mimi bado niko nusu ukurasa, na yeye ananisubiri.

Nilichojifunza ni hiki. Mzigo ukipita mpaka, sisaini karatasi mpaka agent anisomee mara tatu na mwingine aihakikishe. Kwa gunia la mahindi nilikuwa makini hivyo. Kwa mwanangu nikasaini nisichokielewa, mara kumi, kwa sababu niliona aibu kusema sijui.

Wenzangu mnaoletewa kadi za shule, semeni kweli hapa: mnasikiliza au mnasaini tu? Hata mwenye matusi aandike, nitasoma yote.

Na kwa wanaotaka kujua bei ya masomo yetu: kitabu chetu wenyewe, daftari mbili, kalamu, na Jumamosi za muhula mzima kwa wanafunzi wawili. Shilingi za Uganda 214,500.